Daktari Aliyepakia Hospitali Juu ya Nyumbu

Mtu akitajiwa hospitali, aghalabu hufikiria jengo: kuta zilizopakwa chokaa, vitanda vilivyopangwa safu, na wauguzi wapitao kimya kimya baina yake. Katika nyakati za amani picha hiyo si mbaya. Lakini jengo halihami, na mapigano hayakai mahali pamoja. Askari aliyepigwa risasi ya tumbo hawezi kungoja siku tatu juu ya machela, akipandishwa milima na kuteremshwa mabonde, ili alifikie jengo. Damu humwisha na jeraha huoza. Na hata akifika kwa bingwa wa upasuaji, bingwa huyo huwa hana la kufanya ila kumfunika shuka. Kwa hiyo tangu zamani madaktari wa majeshi wamejiuliza swali moja: je, majeruhi apelekwe hospitalini, au hospitali ipelekwe kwa majeruhi?

Miongoni mwa waliolijibu swali hilo kwa vitendo yumo daktari mmoja wa Kanada, Norman Bethune, aliyefariki dunia katika kijiji kimoja cha kaskazini mwa China mwaka 1939. Yafaa maisha yake yasimuliwe. Hakuwa malaika, na wala hatutamfanya malaika katika safu hii. Lakini alifahamu jambo ambalo wengi waliomzidi cheo hawakulifahamu, kwamba hospitali ni vyombo vilivyo tayari na mikono iliyofunzwa, vikiwa mahali panapohitajika na kwa saa inayohitajika. Jengo ni la mwisho katika hesabu hiyo.

Bethune alizaliwa Machi 1890 katika mji mdogo wa Gravenhurst, jimbo la Ontario. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Presbiteri, na babu yake, ambaye jina lake alilirithi, alikuwa daktari mpasuaji mjini Toronto. Kwa hiyo alikulia baina ya mimbari na kisu cha tabibu, na hadi kufa kwake alikuwa na kitu cha pande zote mbili: mkono mwepesi wa mpasuaji na ulimi mkali wa mhubiri. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Toronto aliacha masomo kwa muda akaenda katika kambi za wakata magogo, mchana akifanya kazi pamoja nao na usiku akiwafundisha kusoma.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, alijiandikisha mara moja, akawa mbeba machela katika kikosi cha matibabu. Huko Ypres, nchini Ubelgiji, mwaka 1915, alipigwa na vipande vya kombora mguuni, akarudishwa nyumbani. Alimaliza masomo yake ya udaktari mwaka 1916, kisha akarudi tena vitani, safari hii akiwa daktari katika jeshi la majini la Uingereza. Yafaa msomaji akumbuke kwamba kabla ya kuitwa daktari, mtu huyu alikwisha kuwabeba majeruhi mabegani mwake, na yeye mwenyewe alikwisha kubebwa. Urefu wa njia kutoka handaki hadi meza ya upasuaji hakuusoma kitabuni.

Baada ya vita alioa, akahamia Detroit nchini Marekani, akaanza kupata fedha na kuzitumia bila kipimo. Mwaka 1926 akapatikana na kifua kikuu. Wakati ule ugonjwa huo haukuwa na dawa, na watu wengi waliougua walijihesabu kuwa wafu. Bethune alilazwa katika sanatoria ya Trudeau, jimbo la New York. Alipokuwa kitandani alisoma kuhusu matibabu ambayo daktari huingiza hewa kifuani ili pafu linywee na kupumzika. Alidai atendewe hivyo, ingawa waliokuwapo walisita kwa kuogopa hatari. Alitendewa, akapona. Ndoa yake haikupona. Ilivunjika, ikafungwa tena, ikavunjika mara ya pili.

Tangu hapo aliamua kuutoa umri wake uliobaki katika kupambana na kifua kikuu. Alikwenda Montreal mwaka 1928 kujifunza upasuaji wa kifua, na miaka michache baadaye akawa mkuu wa idara ya upasuaji huo katika hospitali ya Sacré-Coeur, nje kidogo ya mji. Hapo ndipo ilipojitokeza tabia yake moja ambayo ndiyo shina la habari yetu: hakuwa radhi na chombo chochote alichopewa. Alikishika, akakigeuzageuza, akakilaumu, kisha akachora kingine. Mkasi wa kukatia mbavu uliochukua jina lake uliendelea kutumiwa na wapasuaji kwa miaka mingi baada yake, na yasemekana mfano wake aliupata katika karakana ya fundi viatu. Wahenga walitufunza kwamba vyaelea vimeundwa. Bethune alijua pia kwamba aliyeunda huenda asiwe mtu wa kitabu.

Lakini kadiri alivyopasua vifua, ndivyo alivyozidi kuona kwamba kisu hakikitoshi kifua kikuu. Maskini aliyetibiwa alirudi katika chumba kile kile chenye unyevu, akala chakula kile kile haba, na baada ya mwaka akaletwa tena. Mwaka 1935 Bethune alizuru Umoja wa Kisovieti kutazama matibabu yaliyotolewa na serikali. Mwaka huo huo akajiunga na Chama cha Kikomunisti. Mwaka 1936, pamoja na wenzake mjini Montreal, alitoa mapendekezo ya kuifanya tiba kuwa haki ya kila raia. Madaktari wengi waliyakataa. Wakati huo huo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimezuka Hispania, na mwishoni mwa Oktoba mwaka huo akapanda meli kwenda kuitumikia serikali ya Jamhuri.

Alifika Madrid mapema Novemba 1936, majeshi ya Jenerali Franco yakiwa kwenye malango ya mji. Alipewa nafasi katika hospitali, lakini hakutulia. Aliona kwamba askari wengi hufia njiani kwa kuvuja damu kabla hawajafika kwa mpasuaji, hali damu ya kuwaongezea ingeweza kuchukuliwa na kupelekwa waliko. Basi alikwenda London, akanunua gari aina ya Ford, akalipakia jokofu, vyombo vya kuchemshia, chupa na mirija, akarudi nalo Madrid. Wananchi waliitwa kwa redio na magazeti wajitolee damu, wakaja kwa wingi. Damu ilichanganywa na sitrati ili isigande, ikawekwa baridini, na ilipohitajika ikapelekwa kwa gari hadi hospitali zilizo karibu na mstari wa mapigano.

Haki itendeke: Bethune hakuwa mtu wa kwanza kuhifadhi damu. Daktari Oswald Robertson wa Marekani aliitumia damu iliyohifadhiwa katika medani ya Ufaransa mwaka 1917, na mjini Barcelona Daktari Frederic Duran i Jordà alikwisha kuanzisha kazi ya namna hiyo kabla gari la Wakanada halijawasili. Sifa ya Bethune ni kwamba aliyaona mambo matatu, yaani mtoaji damu, jokofu na gari, kuwa chombo kimoja. Kikikosekana kimoja, viwili vilivyobaki havina faida.

Februari 1937 alipatwa na mtihani ambao hakuna kitabu cha tiba kilichomwandalia jibu. Mji wa Málaga ulikuwa umeanguka, na maelfu kwa maelfu ya wakimbizi, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walikuwa wakitembea kando ya bahari kuelekea Almería, mwendo wa kilomita 200 hivi, huku wakishambuliwa kwa ndege na kwa manowari. Bethune na wenziwe walikuwa wakipeleka damu. Walipoukuta umati ule, walivitoa vyombo garini na kuwapakia watoto na wanyonge, wakaenda na kurudi mchana na usiku kwa siku kadhaa. Mtu aliyehangaika kulijaza gari lake vifaa ndiye aliyejua pia lini gari linapaswa kumwagwa.

Twasema kweli tukiongeza kwamba Hispania alishindwa kuelewana na watu. Alikunywa kupita kiasi, aligombana na wenzake na wakubwa, hakuvumilia kuamriwa, na wakuu wa jeshi walipouchukua utumishi wa damu kuwa wao, hakukuwa na nafasi yake tena. Mwezi Juni 1937 alikuwa amekwisha kurudi Kanada, ambako alizunguka miji akiwaomba watu michango kwa ajili ya Hispania. Mwezi Julai mwaka huo Japani ikaivamia China kwa nguvu zote. Januari 1938 Bethune aliondoka Vancouver kwa meli pamoja na muuguzi Jean Ewen, aliyejua Kichina, na shehena ya vifaa vya tiba. Hakuiona Kanada tena.

Mwishoni mwa Machi 1938 alifika Yan'an, makao makuu ya Wakomunisti wa China, akakutana na Mao Zedong. Kutoka hapo alipelekwa katika milima ya Wutai, katika eneo la wapiganaji wa msituni lililokuwa nyuma ya mistari ya Wajapani chini ya Jenerali Nie Rongzhen. Aliyoyakuta yalimtisha. Majeruhi walilazwa katika vibanda vya wakulima, wengine na majeraha ya miezi mingi. Bendeji zilifuliwa na kutumiwa tena na tena hadi zikachanika. Dawa ya usingizi ilikuwa adimu, na wengi wa walioitwa madaktari walikuwa vijana ambao hawakupata kuona chuo cha udaktari.

Hapo Bethune alifanya kosa, na kosa lenyewe lina mafunzo kuliko ushindi wake mwingi. Alitaka hospitali ya mfano: jengo safi, chumba cha upasuaji, mahali pa kufundishia. Wakuu wa jeshi walikuwa na shaka, kwa kuwa vita vya msituni havina nyuma wala mbele. Lakini mgeni alishikilia, na wanakijiji wa Songyankou wakajitolea nguvu zao. Mafundi seremala, wahunzi na mafundi bati wa vijijini walitengeneza vitanda, vyuma na gango za kufungia mifupa iliyovunjika. Hospitali ilifunguliwa Septemba 15, 1938, kwa shangwe kubwa. Kabla mwaka haujaisha, Wajapani walifika Songyankou na kuiteketeza.

Mtu mwingine angevunjika moyo, au angelaumu walioshindwa kulilinda jengo lake. Bethune alikubali kwamba jeshi lisilo na kambi ya kudumu haliwezi kuwa na hospitali ya kudumu. Akaamua kwamba madaktari wasingoje kuletewa majeruhi, wawafuate. Kuanzia hapo alisafiri na kikosi kidogo chenye vifaa vyake, karibu na mapigano kadiri ilivyowezekana, akipasulia hekaluni, kibandani, po pote palipo na paa. Damu, ambayo Madrid iliwekwa katika jokofu, huku iliwekwa katika mishipa ya wanakijiji: aliunda vikosi vya wachangiaji ambao damu yao ilikwisha kupimwa, wangojao kuitwa. Wa kwanza kulala kando ya majeruhi alikuwa yeye mwenyewe, kwani damu yake ilikuwa ya kundi O, ambalo huwafaa wengi.

Lakini vyombo vingi vya upasuaji vyaweza kubebwaje katika njia za mbuzi, ambako gari halipiti? Hilo ndilo swali alilolitatua wakati wa kazi yake katika uwanda wa Hebei, mwaka 1939. Yasimuliwa kwamba alimwona mnyama wa mkulima akibeba samadi kwa matenga mawili yaliyoning'inia ubavuni, huku na huku, akalipata jibu. Aliwachorea mafundi seremala shogi la mbao la kuwekwa juu ya mgongo wa nyumbu, yule mnyama mzaliwa wa punda na farasi. Kila upande ulikuwa na watoto wa meza waliopangwa kwa utaratibu: visu na mikasi hapa, bendeji na pamba pale, dawa za usingizi na za kusafishia majeraha mahali pake. Juu, baina ya pande mbili, palikuwa na nafasi ya gango. Umbo lake lilifanana na daraja, basi akaliita kwa jina la Daraja la Lugou, karibu na Beijing, ambako vita vile vilianzia Julai 1937.

Shogi hilo lilipimwa kwa kazi. Lilibeba vifaa vya kutosha kwa operesheni 100, kufunga vidonda mara 500, na kutayarisha dawa za wagonjwa 500. Mpangaji wa vifaa wa kawaida huanza na orodha ya vyote vitakiwavyo, kisha hutafuta wa kuvibeba; asipompata, vifaa huachwa ghalani na orodha hubaki safi. Bethune alianza na mgongo wa nyumbu. Aliuliza mnyama aweza kubeba nini mlimani usiku, bila kelele, na adui yuko bonde la pili. Kisha katika uzito huo akachagua kile ambacho kikikosekana mtu hufa. Na kwa kuwa kila kitu kilikuwa na mahali pake daima, mhudumu aliweza kunyoosha mkono gizani na kukipata.

Aprili 1939 kipimo kilikuja. Katika mapigano ya Qihui, Bethune na kikosi chake walijiweka katika hekalu dogo, kilomita chache tu kutoka mstari wa moto. Katika saa 69 walifanya operesheni 115. Tusidhani kwamba tarakimu hizo ni za mtu mmoja mwenye nguvu za ajabu. Ni za wale vijana waliokuwa hawajaona chuo, ambao alikuwa amewafunza kwa mkono, kwa michoro, kwa vitabu alivyoviandika usiku, na mara nyingine kwa ukali uliopita kiasi. Katika juma moja la mafunzo aliwafanya madaktari washike kazi za wauguzi na za wafagiaji, ili wajue kwamba hospitali ni mnyororo na kwamba hakuna pete iliyo duni.

Mnyororo wenyewe ulikuwa mrefu kuliko kikosi. Dawa zilizojaza shogi zilitoka wapi? Nyingine zilitoka kwa wafadhili wa ng'ambo, zikachelewa au zikapotea njiani, na barua za Bethune zilijaa manung'uniko. Nyingine zililetwa na Kathleen Hall, muuguzi wa misheni ya Kianglikana kutoka New Zealand, ambaye alizinunua Beijing chini ya macho ya Wajapani na kuzipitisha katika vizuizi vyao. Mkomunisti aliyeiacha dini ya baba yake na mmisionari walielewana kwa sababu wote wawili waliona majeruhi yule yule. Wajapani walipogundua, waliichoma misheni na kumfukuza. Kwa upande wake Bethune aliikataa posho ya yuan 100 kwa mwezi aliyopangiwa, akaomba itumiwe kwa majeruhi.

Majira ya vuli ya mwaka 1939 alikuwa amekusudia kurudi nyumbani kwa muda kutafuta fedha na dawa, kwa kuwa ghala zilikuwa karibu tupu. Wajapani wakaanza mashambulizi mapya, akaahirisha safari, akaenda medani. Mwishoni mwa Oktoba, akimpasua askari kwa haraka huku adui akikaribia, alijikata kidole cha mkono wa kushoto. Mikono yake ilikuwa mitupu. Glavu za mpira zilikuwa zimekwisha. Jeraha lilikuwa dogo na angeweza kupumzika, lakini siku chache baadaye alimpasua majeruhi mwingine aliyekuwa na uambukizo mkali wa kichwa, na sumu ikaingia katika kidole. Penisilini ilikuwa bado haijaanza kutumiwa kutibu watu. Alifariki alfajiri ya Novemba 12, 1939, katika kijiji cha Huangshikou, akiwa na umri wa miaka 49.

Hapa ndipo habari hii inapouma. Mtu aliyehesabu bendeji za watu 500 na kuzipangia mahali juu ya mgongo wa mnyama, aliuawa na kukosekana kwa jozi moja ya glavu. Wenye kupenda mashujaa watasema kwamba alijitoa mhanga, na ni kweli. Lakini mtu mwenye dhamana ya ghala ana jambo jingine la kulitafakari. Ushujaa wa daktari ulijaza pengo ambalo mpira mwembamba ungelijaza, na pengo hilo lilimmeza daktari mwenyewe, pamoja na wote ambao angewatibu mwaka uliofuata.

Mwezi mmoja baadaye Mao Zedong aliandika makala ya kumkumbuka, na miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni ikawa miongoni mwa maandishi yaliyosomwa zaidi nchini China; watoto wa shule waliihifadhi kwa moyo. Hospitali ya Amani ya Kimataifa iliyopewa jina la Bethune ilipata mkuu wake wa kwanza katika Daktari Dwarkanath Kotnis wa India, ambaye naye alifia huko mwaka 1942. Nchini kwake Kanada hakuheshimiwa upesi hivyo, kwa sababu ya siasa zake. Serikali ya Kanada ilimtambua rasmi kuwa mtu wa historia ya taifa mwaka 1972, baada ya nchi hizo mbili kufungua uhusiano wa kibalozi mwaka 1970, na nyumba aliyozaliwa ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1976. Madaktari wa China waliofika Zanzibar kuanzia mwaka 1964, na Tanzania Bara miaka michache baadaye, walitoka katika nchi ambayo jina lake lilikuwa limekwisha kuwa mfano wa tabibu aendaye mbali.

Mtu aweza kuzikubali siasa za Bethune au kuzikataa; hasira zake na ulevi wake wa Hispania hatuna haja ya kuvitetea. Funzo la shogi lake halidai imani yo yote. Linawahusu wote wenye kazi ya kuandaa tiba kwa watu walio mbali, iwe ni vitani, katika mafuriko, au katika kijiji ambacho barabara hukatika kila masika. Kabla ya kuhesabu vitanda, wapime njia na mgongo utakaobeba. Wakipata hasara ya jengo, wasiilinde fahari yao, bali wabadili mpango, kama alivyofanya yeye baada ya Songyankou. Na orodha ikikamilika, wairudie mara moja zaidi, wakitafuta kile kitu kidogo, cha bei rahisi, ambacho kila mtu alidhani mwenziwe amekiandika.